Asali ya Sanje

Ifakara, 16 Juni 1957

Kaka Polikarpo,

Mke wangu Klementina aliondoka Jumapili ya Pentekoste, baada ya misa, na kikapu kimoja. Yuko kwao, kijijini Mbingu. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu sitalifikia.

Shikamoo sasa. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima wa kusimama tu. Nimekonda na kiu haikatiki.

Wewe ndiwe mshenga uliyenipatia mke, basi ninakuambia nisichoweza kumwambia mwingine. Tangu mavuno ya mwaka jana mimi si mwanamume kitandani. Moyo unataka, mwili umelala. Kwa aibu nikahamia ghalani, nikamwambia ninalinda mpunga. Kaka, mpunga wenyewe nilikuwa nimekwisha kuuuza! Akaniuliza, "Unalinda magunia matupu?" Akaondoka.

Dawa yako ya mizizi ninainywa asubuhi na jioni, pamoja na asali yake. Chupa imekwisha. Nadhani nimerogwa, maana kila ninapokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi wanajaa. Nilianza na baiskeli moja ya kununulia mpunga, leo nina nyumba ya bati. Wenye wivu nami hawakosekani.

Nenda Mbingu. Mwambie Klementina kwamba ni ugonjwa. Ningekwenda mwenyewe, lakini unajua mkwe hapokei neno lisilopita kwa mshenga.

Mdogo wako,
Wendelin


Sanje, 7 Julai 1957

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, ila nyani wa mlimani wanatumalizia ndizi.

Nimefika Mbingu. Hawakuniacha na Klementina peke yake. Baba mkwe wako alikaa, mama mkwe Brigita akakaa, na yule kaka yake Melkiori akasimama mlangoni kama askari. Nimesema kiume. Heshima yako iko palepale, usiniulize zaidi.

Nakuletea chupa mbili za asali ya mlimani na mizizi mikali kuliko ile ya kwanza. Sasa unywe vikombe vinne kwa siku. Maji uyapunguze, yanapoza mwili. Subiri tu, jogoo huyo atawika mpaka majirani wahame!

Kaka yako,
Polikarpo


Ifakara, 25 Agosti 1957

Kaka Polikarpo,

Shikamoo. Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu nililazwa. Nilijikwaa kwenye jembe, kidonda cha mguu kikakataa kupona, nami nikizidi kunywa vikombe vyako vinne huku macho yakiingia ukungu. Nikaenda hospitali ya misheni.

Dresa mmoja, Donati, alinifunga mguu, kisha akaniomba mkojo. Baadaye daktari akaniita: mkojo wangu una sukari. Kiu ni hiyo, kukonda ni huko, na sisimizi hawakutumwa na mchawi, walifuata utamu. Tena wewe na mimi tulikuwa tunanijaza asali!

Donati akaniuliza polepole, "Na nyumbani, kitandani?" Nikamwambia nimekuja kwa mguu. Akacheka. "Mzee, kwenye benchi hili wanaume wote wanakuja kwa mguu." Ndipo nikamwambia. Ni mtu wa kwanza duniani kuniuliza.

Anasema ugonjwa huu mara nyingi unalaza mwili wa mwanamume. Mizizi haiuamshi. Ninachomwa sindano, nimeacha asali na pombe, wali ninapimiwa. Nguvu huenda zikarudi, huenda zisirudi, hakuniahidi. Alisema hofu na upweke navyo vinalaza mwili, na kwamba nije na mke wangu asikie mwenyewe.

Juzi Melkiori alileta mpunga mashineni. Nilimpa mkono, hakuupokea. Akasema mbele ya wapagazi, "Na yule mwanamke wako wa Kidatu hajambo?"

Kaka, Kidatu ninapita na magunia tu. Ulisema nini Mbingu?

Mdogo wako,
Wendelin


Sanje, 8 Septemba 1957

Mdogo wangu Wendelin,

Pole na kidonda. Marahaba.

Ndiyo, nilisema una mwanamke Kidatu. Ningesema nini? Baba mkwe ananitazama, mama mkwe ananitazama, niseme mwanamume wetu hawezi? Mwenye wanawake wawili husutwa mwaka mmoja, akasamehewa. Asiyeweza hata mmoja huimbwa ngomani mpaka kaburini. Nilikuchagulia aibu ndogo. Hiyo ndiyo kazi ya mshenga.

Klementina hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Huyo wa Kidatu anamwekea mtungi wa maji usiku?" Sikuelewa, nikasema bila shaka anamwekea. Ndipo akainuka akaingia ndani.

Nasikia baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli anakwenda kwa shangazi yake Iringa, wala harudi. Yamekwisha, mdogo wangu. Tutakutafutia mwingine ukipona.

Kaka yako,
Polikarpo


Ifakara, 12 Septemba 1957

Kaka Polikarpo,

Shikamoo.

Mtungi ule alikuwa akiujaza kila jioni bila kuambiwa. Hata nilipohamia ghalani niliukuta mlangoni, umefunikwa kata. Siku hizi naujaza mwenyewe na kuubeba mwenyewe, na nikiamka na kiu nyumba nzima ya bati inasikia ninavyomeza.

Aibu uliyonichagulia ni ndogo kwako. Kwake ndiyo kubwa. Wakiniita hanithi nitaitika, maana nina cheti cha daktari. Mzinzi si jina langu. Na sitaki mwingine.

Nimekwisha kutuma salamu Mbingu kupitia watu wawili. Baba mkwe amewarudisha wote: atasikia kinywa kilichosema kwanza, hatasikia kingine. Kinywa hicho ni chako.

Alhamisi, tarehe 19, lori la mpunga litapita Sanje asubuhi likija huku. Dereva ni Mtoro, atasimama mbele ya kanisa. Ukipanda, tutakwenda Mbingu pamoja, nami nitakaa nje ya uzio wakati unawaambia walewale watatu, na Klementina akisikia: Kidatu hakuna mwanamke, kuna sukari mwilini. Usipopanda, mwambie Mtoro neno moja aniletee, nijue ndugu sina.

Unapanda, au hupandi?

Mdogo wako,
Wendelin