Mwalimu wa Matope

Jumatatu, 10 Juni 1974
Asubuhi uji na kiporo cha mihogo. Jembe nimelinoa peke yangu. Mjukuu wangu Mwanaidi hayupo wa kunishikia tupa. Mama yake, binti yangu Amina, kampeleka tena kwenye shule ya watoto wadogo. Mtoto hata jino hajang'oa, anakwenda shule! Mimi nimejua kusoma nikiwa na mvi, kwenye kisomo cha watu wazima, na nikawapita wote. Mwalimu alisema mbele ya darasa, mzee Mhina ana kichwa. Naandika kila ninapopata nafasi mkono usisahau. Kwa hiyo najua ninachosema. Kusoma hakukimbii. Kunamngoja mtu akue.
Nimechukia.

Jumatano, 12 Juni
Nimepita pale bandani, kwenye hiyo shule yao, kama mtu anayetafuta mbuzi. Mbuzi sina. Watoto wanafinyanga matope. Wengine wanaruka kama vyura na kuimba. Mwalimu ni binti wa Kisambaa, katokea Magoma huko Korogwe. Kakaa chini mavumbini, kanyoosha miguu, matope mpaka viwikoni. Ubao upo, hauna hata herufi. Fimbo hana. Shule gani haina fimbo?
Mtu mzima hakai chini na watoto bure. Kuna jambo.
Mwanaidi alikuwa pembeni, kidole mdomoni. Mwaka jana bibi yake alikufa, yaani mke wangu. Hata machozi hayajakauka tukapakiwa kwenye lori, tukaletwa kijiji hiki kipya. Tangu hapo mtoto hasemi na mtu. Hata mama yake akimwita, anaitikia kwa kichwa tu. Kwangu mimi anasema kama chiriku. Kwangu tu. Najivunia, sifichi.

Jumamosi, 15 Juni
Leo shule hakuna. Mtoto ni wangu. Tumekwenda mahame, kwetu kwa zamani, walikotuhamisha. Mwendo mrefu, hakulia. Nyumba za wenzangu zote zimebomolewa. Yangu imesimama. Imo ndani ya kichaka, hawakuiona, na hata mchwa wameshindwa nayo. Nilijenga mimi.
Amri inasema huku hakuna kulima wala kulala, kila kitu kijijini. Mimi nimelima. Kihenge kimejaa mtama mpaka mdomoni. Handeni nzima hakuna mtama kama huu. Halafu kaburi la mke wangu lipo hapo ubavuni mwa nyumba. Nani atalifagia, mwenyekiti wa kijiji?
Mwanaidi kafagia yeye. Kaongea na bibi yake mpaka jua likageuka. Nimemwambia mambo ya huku ni ya kwetu wawili. Kaitikia.

Jumanne, 18 Juni
Nimerudi bandani. Nimesimama nyuma ya ghala, nasikia vizuri. Sasa nimejua.
Kila mtoto kafinyanga nyumba. Mwalimu anamwendea mmoja mmoja, anachuchumaa mpaka macho yao yanakuwa sawa, anauliza. Hii nyumba ya nani? Nani analala humu? Leo mmekula nini? Na vitoto vinajibu! Mtoto wa jirani kasema baba yake ana baiskeli kaificha darini. Mwalimu kacheka tu, kamfuta kamasi, kaenda kwa mwingine.
Mimi si mjinga. Mwaka jana walikuja vijana na kalamu zao. Nyumba ya nani, nani analala humu, mnakula nini. Maswali hayo hayo. Haukupita muda, lori. Sasa wameona wazee tumefunga midomo, wanawauliza watoto. Akili hiyo. Ningekuwa mimi serikali ningefanya vivyo hivyo.

Ijumaa, 21 Juni
Baada ya swala nimekaa kwenye kahawa. Mazungumzo marefu. Pale nikisema mimi wengine wananyamaza.
Nimefika nyumbani Amina anacheka na kulia. "Baba, mtoto kasema! Kasema na mwalimu, watoto wote wamesikia!" Ilikuwaje? Mwanaidi kafinyanga nyumba mbili. Moja ndogo, hii ya kijijini. Nyingine kubwa, na kihenge chake, na tuta dogo la udongo ubavuni.
Nimemwuliza: Kasema nini? Amina hajui. Anasema jambo kubwa ni kusema.
Jambo kubwa ni alichosema. Ugali nimeuacha sahanini.

Jumatatu, 24 Juni
Ndiyo hayo. Balozi wa nyumba kumi kaja mlangoni. Shikamoo mzee, habari za tangu jana, halafu mambo. Wamesikia nina nyumba mahame na mtama ndani. Nimesema huo ni uongo. Kasema Jumamosi watakwenda kuangalia.
Binti wa Magoma kaniuza. Nilijua tangu nilipomwona kakaa chini.
Mtoto nimemtoa shule. Amina kapiga kelele, kaniita mbishi. Ni mbishi. Bila ubishi ile nyumba isingekuwepo.

Jumatano, 26 Juni
Mwanaidi yupo nyumbani. Hasemi. Hata na mimi.
Kapanga magunzi ukutani. Anachuchumaa mbele ya gunzi, anangoja kidogo, anatikisa kichwa kama kasikia jibu. Anahamia jingine. Moja limeanguka, kaliinua, kalipangusa vumbi kwa kanga yake. Hakulipiga. Ningekuwa mimi ningelipiga.
Nimemwuliza kwa utani wetu wa babu na mjukuu, mke wangu mdogo, unacheza nini? Kanigeuzia mgongo.
Inauma. Naandika hivyo hivyo. Inauma.

Alhamisi, 27 Juni
Nimekwenda bandani na bakora. Watoto walikuwa wamelala mikekani. Mwalimu kaja mbio kwa vidole vya miguu. "Shikamoo babu. Taratibu, wamelala." Mimi kuambiwa taratibu! Nimeshusha sauti. Sijui kwa nini nimeshusha.
Nimemwambia anawapeleleza watoto. Nimemtajia nyumba ya mahame, na balozi. Kanishangaa.
"Mahame gani, babu? Mwanaidi kaniambia neno moja. Humu kalala bibi, usimkanyage. Basi. Na mimi sikumwuliza zaidi."
Kanionyesha. Ile nyumba ya matope ya Mwanaidi ipo palepale mchangani, imekauka, tuta limefunikwa majani mabichi. Njia ya watoto ilipita hapo. Kahamisha benchi, kahamisha mtungi, watoto wote sasa wanazunguka. Kuna ambao hawajui hata kujifunga nguo, lakini wanazunguka.
Sikumwamini. Nimetoka hapo moja kwa moja kwa balozi. Nani kakwambia habari zangu? Kacheka mpaka kashika ukuta.
"Mgosi, mzee wangu, si wewe mwenyewe! Ijumaa kwenye kahawa! Ulisema mtama wako wa mahame ukianza kuumwaga Korogwe unafika Segera!"
Waliokuwepo wakacheka na wao.
Huenda nilisema. Ni mtama mzuri.

Jumamosi, 29 Juni
Wamebomoa. Paa kwanza, halafu kuta. Vijana wametoka jasho, nguzo zangu zimewasumbua. Mtama umekwenda ghala la kijiji, nimepewa fungu langu. Kaburi hawakuligusa. Balozi kavua kofia, kasema kufagia niende nitakapo, kulima basi.
Sikusema kitu njia nzima. Watu wamenishangaa.
Mwanaidi hajui. Amina kasema nimwambie mimi.

Jumatatu, 1 Julai
Nimempeleka shule mwenyewe. Njiani nimemwambia. Nyumba ya bibi wameibomoa, bibi yupo. Kasimama. Kaniuliza bibi kalowa? Nimesema hapana, mvua hakuna. Ni neno la kwanza kuniambia tangu nimtoe shule. Kisha kaachia mkono wangu, kakimbilia bandani. Alichomwambia mwalimu sikukisikia. Sikuuliza.
Nimekaa kwenye benchi nimwangalie yule binti vizuri. Bado simwamini sana. Watoto wamenawa mikono, wamekunywa uji, wamegombana, wamepatana. Ubao mpaka sasa hauna kitu.
Wakati wa kulala kitoto kimoja cha Kimasai, sikijui hata jina, kimekuja kimeegemea goti langu, kimesinzia. Mwalimu kasema kwa sauti ndogo, babu niletee nimlaze mkekani. Nimekataa kwa mkono.
Mguu umekufa ganzi. Sijausogeza.