Miiba ya Kisimani

Marahaba, mjukuu wangu Yoeli. Mimi mzima, ila tangu shangazi yako aolewe nyumba hii ya ugenini imekuwa kimya.

Umeuliza kama Mungu alimsikia kweli mtoto wa Hajiri akilia jangwani. Nitakujibu kwa nililoliona.

Wakati wa Wajerumani, askari walipomchukua baba kuwabebea mizigo, mama na mimi tulihama Mpwapwa kwa miguu. Maji yakatuishia. Katika mto mkavu, kila kisima kilichochimbwa mchangani kilikuwa na mwenyewe, kimezungushiwa miiba. Mama akakaa chini. Nikalia.

Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mnyamazishe mwanao, anawatisha mbuzi wangu! Haya, mlete anywe."

Baba hakurudi, wala sisi hatukurudi kwetu. Lakini kila nikisoma habari za Hajiri, namsikia mwanamke yule akiburuta miiba kando.

Bibi yako anayekukumbuka.