Mama, Nimeacha Kufagia

Mama,

Nimekata karatasi mbili katikati ya daftari ya Trésor. Grâce amelala. Akiamka kabla sijamaliza nitaiacha hapa nirudi kesho, wewe unajua namna inavyokuwa.

Nianze na lile litakalokuuma, halafu nipumue. Mama, nimeacha kufagia. Mbele ya mlango nafagia bado, pale wageni wanapokaa. Lakini nyuma kwenye bustani, na upande wote wa migomba, majani yanalala pale yanapoanguka. Yakipungua naenda kuomba mengine kwa majirani. Ndiyo, mimi bibi, mke wa mtoto wako Dieudo, napiga hodi kwa watu naomba takataka.

Usikasirike. Ngoja nikueleze.

Mwaka huu mvua ilitutoroka. Miezi ya jua iliingia, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kisima cha avenue yetu kilianza kutoa matope. Nilifanya yote kama ulivyonifundisha: matuta juu, udongo safi bila jani hata moja, maji kidogo kila asubuhi. Nilibeba bidon ya maji kutoka kwenye chemchemi, Grâce mgongoni, safari mbili kabla Trésor hajaenda shule. Na matembele yako yakaendelea kujikunja. Lenga-lenga, mchicha wetu, zilitoa maua zikiwa urefu wa kidole. Ngai-ngai za majani machachu zilibaki vijiti. Dieudo anahangaika na moto yake, pikipiki ya kubeba abiria, tangu asubuhi, analeta unga, siku nyingine na samaki. Lakini mboga ni bustani. Hakuna mahali pengine.

Na wewe uliniambia siku ile tulipokupeleka hospitali, ukiwa umenishika mkono pale kwenye moto: "Bustani isikufie mukononi, ni sahani ya batoto." Hukusema "jaribu." Ulisema isikufie. Kila nilipookota jani kavu nilisikia sauti yako, Mama, na siku moja nilikaa chini kati ya matuta nikalia, na ndoo ikamwagika, na hata maji yale sikujaribu kuyaokoa.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Niliamini unanidharau.

Nilipomzaa Trésor alikuwa analia mpaka kuku wawike, nami usingizi unanichukua wakati watu wanaamka. Nikitoka nje macho yamevimba, nakuta lopango lote, ua mzima wa nyumba, limefagiwa. Mistari ya fagio imenyooka kama nywele zilizochanwa, hakuna hata alama ya mguu. Na wewe umesimama mlangoni. Unaniwekea fagio mkononi. "Shika. Enda usimame kule karibu na barabara." Hakuna bonjour, hakuna umelalaje. Nasimama kule kama mtoto aliyepewa adhabu, na mama wa jirani wanaokwenda kuchota maji wanapita: "E, mama, uko na kazi muzuri!" Najibu merci, na aibu inanichoma, kwa sababu kazi si yangu. Nilijua unanionyesha: tazama, mimi mzee nimefanya yako. Uliendelea hivyo mpaka Trésor akaanza kutembea. Mimi nikalibeba moyoni mpaka tumekuzika, na bado nikalibeba.

Sasa sikia.

Sokoni, miezi ile ya jua, meza zote zilikuwa na mboga za rangi ya njano. Meza moja tu ilikuwa kijani. Unajua ya nani. Mama Zubeda wa Lubunga, ng'ambo ya mto, yule mliyeuza naye ubavu kwa ubavu, mkitupiana maneno mpaka wanunuzi wanasahau walichokuja kununua. Wewe: "Zubeda, mboga yako inatoka wapi, kwenye pubeli ya takataka?" Na yeye: "Na yako inatoka hospitali? Iko safi sana, lakini iko inakufa!" Mlicheka mpaka mnashika mbavu. Mimi nilidhani ni ugomvi.

Nilimwuliza anafanyaje. Alinitazama, akafunga fungu la matembele kwa uzi wa mgomba, akasema: "Hapa sokoni mudomo yangu iko ya kuuzisha tu. Ukitaka kujua, vuka uje kwangu. Na mutoto umulete, nimuone."

Jumamosi nikavuka na mtumbwi. Nilibeba kwanga mbili za muhogo, sikutaka kufika mikono mitupu. Grâce alitaka kushika maji njia yote.

Mama, nilipoona lopango la Mama Zubeda, nilisimama kwenye njia nikafikiri nimekosea nyumba. Majani! Ya mgomba, ya safou, majani ya miti nisiyoijua, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Maganda ya karanga. Nyasi kavu. Nilitafuta nyoka kwa macho kwanza. Mikono yangu ilianza kuwasha, naapa, ilikuwa inatafuta fagio yenyewe. Na katikati ya uchafu ule wote, matembele yanatambaa meusi kwa ukijani, pilipili zimebeba, lenga-lenga zinafika kiunoni.

"Usiogope, ingia," akasema. "Usikanyage pale! Pita huku. Sasa piga magoti. Ingiza mukono chini ya majani."

Nikaingiza.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Baridi tu?"

"Kuko maji, Mama Zubeda. Kuko maji!" Jua lilikuwa kichwani, saa sita kamili, na vidole vyangu vilitoka na udongo mweusi wa kushikana kama ugali wa fufu.

"Ya ndoo ya siku tatu iliyopita," akasema, na akacheka kwa koo kama anavyofanya.

Akanizungusha. Matuta hana. Vitanda vyake vya mboga viko chini kuliko njia, kama sahani, ili maji yasipate pa kukimbilia. Kila kitanda kina mbaazi zilizopandwa upande jua linapochoma zaidi, zinakipa kivuli, na mbaazi zenyewe wanakula. Karibu na kila pilipili amezika chupa ya plastiki iliyotobolewa matako, anaijaza maji ya kuoshea mchele, yanashuka polepole. Na hamwagilii kila siku. Hapo nilibisha. Nikamwambia nazipa mboga maji kila asubuhi bila kukosa, hata nikiwa na homa.

"Kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo."

"Ndiyo maana. Mizizi inakaa juu kama batoto banangojea pipi mulangoni. Toa nyingi mara moja, jioni, kwenye muguu ya muti. Halafu uache siku tatu, ine. Itashuka yenyewe kutafuta."

Nikasema, sijui kwa nini nilisema, labda kwa uchovu: "Mama mkwe wangu hakunifundisha hivi." Ilitoka na uchungu, Mama. Nisamehe. Ilitoka kama mashtaka.

Mama Zubeda alikaa kwenye kiti chake kidogo, akamchukua Grâce mapajani. Halafu akasema: "Mama Dieudo alijua."

Nikamwangalia.

"Alikuja hapa. Weye ulikuwa umezaa ule mutoto ya kwanza. Nilimufanyisha kama nimekufanyisha: piga magoti, ingiza mukono. Akaingiza, akakaa hivi, mukono ndani, kwa muda. Akasema, Zubeda, ni kweli, umenishinda. Nikamwambia basi acha majani na kwako. Akasema hapana. Nikamuuliza sababu gani, kichwa nguvu weye. Akasema: nikiacha majani katika lopango, batu ya avenue hawatasema ni mimi. Watasema bibi ya Dieudo ni muvivu. Ametoka kuzaa juzi, hajulikani bado, jina yake ndiyo inaanza. Afazali nikose mboga." Akamkuna Grâce tumbo. "Nikamwambia lakini utafagia mupaka lini? Akasema mupaka watamuona na fagio mukononi, wazoee."

Mama.

Grâce alinitazama akaanza kulia, kwa sababu mimi nilikuwa nalia.

Ulikuwa unafagia kabla watu hawajaamka, kisha unanipa fagio ili wanikute nalo mimi. Ulinisimamisha karibu na barabara ili waone. Ile "kazi muzuri" ilikuwa ya kwangu kwa sababu wewe uliinunua kwa mgongo wako uliokuwa tayari unauma, na ulinyamaza, na mimi nilinuna. Nani alikuambia unyamaze hivyo? Ungesema neno moja tu. Lakini nakujua. Ungeona haya kusema.

Mama Zubeda alinipa kamba za matembele zake nizipande. Nikakataa. Nikamwambia ya kwako bado yana uhai, nataka kwanza nijaribu hayo. Akasema: "Kichwa nguvu kama ule. Bon. Enda."

Kesho yake nikaanza. Nikavunja matuta yako, moja baada ya lingine. Tuta la mwisho, lile ulilolilima ukikaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, niliacha jembe nikalishusha kwa mikono. Nilikuta kamba za matembele zilizo hai, si nyingi, ningeweza kuzikumbatia zote mara moja. Nikazilaza kwenye kitanda cha chini, nikazimwagia ndoo mbili jioni, nikazifunika majani mpaka zikaonekana ncha tu. Dieudo aliporudi alisimama nyuma yangu. Nikamweleza yote ya Mama Zubeda, nikiwa na mgongo kwake. Aliingia ndani, nikamsikia anapenga pua. Kesho yake akaleta mfuko mzima wa majani makavu, ameufunga nyuma ya moto kama abiria.

Halafu akaja Josée.

Unamjua mtoto wako wa kike. Hata hakukaa. "Mama Trésor, ni nini hii? Mama akiamuka leo, akione lopango hii, atakufa tena!" Akachukua fagio lako, lile lile, akaelekea kwenye vitanda. Majirani wawili walikuwa ukutani, wamesimamisha ndoo zao wasikilize.

Nikasimama mbele yake. Sikupiga kelele. Nikasema: "Wifi, ukitaka kufagia, fagia kwako. Hapa ninalisha batoto ya kaka yako."

"Batu wanasema uko muvivu! Avenue muzima!"

"Waseme."

"Huna haya?"

"Haya niliyo nayo ni ya kitu kingine." Na nikamwambia yale ya fagio, palepale, mbele ya wale wa ukutani. Kwamba ulikuwa wewe. Kwamba lopango lile safi walilolisifu mwaka mzima, sikulifagia mimi hata siku moja. Nilitaka wasikie. Jina ulilonipa nimelitumia vizuri, limenifikisha hapa, na sasa niko mkubwa, naweza kusimama bila hilo.

Josée alikaa chini kwenye majani yale yale. Alilia kidogo, halafu akakasirika tena kwa sababu kikwembe, kitenge chake, kilishika uchafu. Aliondoka amenuna. Lakini hilo nalo nikwambie: wiki tatu baadaye alituma mtoto wake kuomba matembele. Nikampa fungu kubwa.

Kwa sababu yameshika, Mama. Yamefunika kitanda chote. Juzi nilikata mara ya kwanza, nikayapika na mawese na samaki wa mpiodi, na lituma ya ndizi za kuponda pembeni, na Trésor alilamba sahani mpaka nikamwambia ataila. Mvua imeanza kurudi, inakuja inavyotaka, siku moja ndiyo, siku nne hapana. Siiogopi sana. Nalala vizuri kuliko zamani, naamka nimechoka bado, lakini ni uchovu wa kawaida.

Hukunifia mkononi, wewe na sahani yako.

Asante. Nilipaswa kukuambia nikiwa nakuosha miguu, nikiwa nakutilia uji, kila asubuhi niliyokunyima bonjour kwa hasira. Nakuambia sasa, mara moja, nyingi, kwenye mguu. Itashuka.

Na nakuahidi hivi. Siku Trésor ataleta bibi hapa, naye akazaa, nami nikiwa bado na nguvu, nitaamka kabla yake. Kazi yoyote ile ambayo watu watampimia, nitaifanya kabla hawajapita. Lakini mimi nitamwambia, Mama. Nitamwamsha nimnong'oneze sikioni: ni kwa ajili yako, rudi ulale.

Grâce anageuka, naacha hapa. Ukae na amani. Ulale mpaka jua lipande, wewe ambaye hukulala.

Mtoto wako,
Mama Trésor