Rukia na Tamthilia ya Nakala

Jumatano, usiku

Tena akacheka, mdomo umejaa visheti vyangu.

Rukia, mke mwenzangu, alikuja leo kutoka Bububu kuangalia ile tamthilia ya daktari anayetengeneza nakala za watu, maana televisheni yake imeungua. Tulifika pale daktari anapotengeneza nakala ya mkewe, mpya, kiuno chembamba, halafu yule wa kwanza anatolewa nje na masanduku yake.

"Kwani uongo, Bi Asha? Kashachoka yule," akasema. "Mimi nnampenda huyu mpya. Na mume hana kosa."

Nikamtazama. Vishimo vya mashavuni, mwanya wa meno ya mbele. Hapa Jang'ombe wanasema Makame, mume wetu, kaoa picha yangu ya harusi.

Tamthilia yenyewe ya kipuuzi, lakini mimi nshaimaliza kwenye simu. Mwishoni daktari anatengeneza wa tatu. Nilipotaka kumwambia, Rukia akaziba masikio.

"Usinambie mwisho, Bi Asha, utaniharibia raha!"

Haya. Nikamwongezea chai.

Sasa nnaogopa kidogo. Simwogopi yeye, nnaogopa roho yangu ilivyotulia. Maana jana Makame kanambia, mimi peke yangu, kuwa posa yake ya Makunduchi imekubaliwa. Kanionesha na picha. Msichana ana mwanya.

Sikumwambia Rukia. Si kakataa mwenyewe kuambiwa mwisho?