Zamu ya Jumapili

Jumamosi, Bugarama. Jua la leo halina huruma hata kidogo. Nimefua ovaroli mara mbili, vumbi la simenti halitoki, na aibu yangu nayo haitoki.

Acha niseme.

Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa sendika, chama chetu cha wafanyakazi, pale kiwanda cha simenti, wenzetu Waislamu waliomba kitu kimoja tu: mwezi huu wa Ramadhani wapangwe zamu ya asubuhi. Zamu ya mchana inaanza saa nane kwenye joto, na saa ya kufuturu inawakuta mashine bado inazunguka. Mimi ndiye mwakilishi wa wapakiaji. Nikasimama, nikasema, "Sheria ni moja kwa bantu bote!" Nikapigiwa makofi, ombi likaanguka. Ayi, nilivyojiona mkubwa siku ile!

Jana Papa Saidi, mpakiaji wa zamu ya mchana, aliangusha mfuko. Amefunga tangu alfajiri. Mfuko ukapasuka, na kapita, msimamizi wetu, akamwandikia onyo la pili. Onyo la tatu ni kufukuzwa, na ana batoto sita.

Papa Saidi jamani! Vita vilipotutoa Bukavu kuja huku Rwanda, Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha watu. Kule niliitwa Munyarwanda, hapa nikaitwa Mukongomani. Yeye ndiye aliyenisemesha Kiswahili siku yangu ya kwanza kiwandani, akanionyesha namna ya kufunga kitambaa puani.

Asubuhi nimepita kwake kumpa pole. Nilitegemea anifokee, na ningestahili. Akaniambia tu, "Maman Furaha, haina shida, mwezi utaisha. Kesho uende ku misa, mi niko pale pako kama siku zote."

Kama siku zote.

Pale mlangoni kwake nikaanza kuhesabu. Miaka miwili sasa sijafanya kazi Jumapili asubuhi hata moja. Papa Saidi na wenzake ndio wanaoshika zamu ile ili sisi tuende kanisani. Hatukuwahi kuipigia kura, wala hakuna aliyesimama kusema sheria ni moja. Na mimi sikuwahi hata kusema asante. Niliona ni mpango wa kazi tu.

Jumatatu nitaomba mkutano. Nitasema mbele ya walewale walionipigia makofi kwamba nilikosea, na kwamba zamu ya mchana ya Papa Saidi naichukua mimi mpaka Idi, yeye ashike yangu ya asubuhi. Naogopa, kweli. Kuna watakaonicheka, kuna watakaouliza kama nimesilimu, na huenda wakachagua mwakilishi mwingine. Wamchague.

Ila kabla ya Jumatatu kuna Jumapili. Nimeshamwambia Papa Saidi kesho alale, zamu naishika mwenyewe. Alicheka, akauliza, "Na misa je?"

Mungu anajua ninapofanya kazi. Kesho kengele ya misa itanikuta kwenye mashine, kitambaa puani, kama alivyonifundisha.