Utando Juu ya Kioo

Njeri, mtoto wa dada yangu,

Sasa hivi mwanangu Kamau amepuliza povu la sabuni hapa kwa karai, akalifuata akichekea rangi zake mpaka likapasuka. Nikakukumbuka. Hapa Ruiru tuko salama, mama yangu, shosho wako, anakusalimia.

Umeniuliza kama uache masomo urudi, kwa sababu ile mashine unayoiboresha, ya kurusha mwanga kwa mshazari ipime utando mwembamba juu ya vitu, kila mara inakupa jibu tofauti. Mimi sikusoma sana. Lakini nikiwa msichana nilipanguza madirisha ya hoteli kule kwa maporomoko ya mto Chania. Manyunyu ya maporomoko yalikuwa yanaacha utando kwa kioo, na mimi siuoni.

"Wewe, unapanguza ama unajitazama?" msimamizi wetu akanicheka. "Kuja huku kando, uiname."

Nikainama. Utando wote ukatokea, una rangi kama za povu la Kamau, nikabaki nautazama kama naota. Kioo kilikuwa kile kile. Ni mimi nilikuwa nimesogea.

Usirudi bado, mami. Isogeze hiyo taa kidogo tu, ujaribu tena. Haya, shosho ananiita, ati Kamau ameingia kwa karai na viatu, lakini siku utakayouona huo utando wako, uniandikie mara moja.