Karte ya Bomba Haitakuya na Hii Kamyo

Lubumbashi, Hewa Bora

Mama Odile, bibi yangu,

Jambo sana. Unaamuka muzuri? Kikohozi ya muzee baba yako inapunguka? Miye niko na nguvu kupita bavijana ba hapa. Hii barua minaiandika na mukono yangu mwenyewe; kama herufi zinainama, ni bubaya bwa kalamu.

Habari haiko muzuri. Karte ya bomba haitakuya na hii kamyo yenye kukuletea barua.

Bomba ya maji banaisha kuifunga kwenu Mitwaba, na ma plake ya jua yenye kuleta umeme iko juu. Ilibakia paka karte tu, kale kabao kadogo kenye kuambia bomba «vuta» ao «simama». Odile mutoto yetu alikaandikia sisteme yake mwenyewe. Juzi alikuwa anaiingiza mu memware, mule karte inachungaka akili yake. Akaniambia:

— Baba, ninaenda pa barabara kuonana na shofere ya kamyo. Muntu asiguse hii waya mupaka taa itakuwa ya kijani.

— Unafundisha nani? Miye nilikamata mawaya ku gare ya treni ya Sakania, weye haukuwe bado ku dunia!

Akacheka, akaenda.

Njo mvua ya kwanza ikakuya. Radi ikapiga. Mu lupango yote, mu kiwanja yetu ya nyumba mingi, bamama bakapiga makelele: «Mutoshe ma priz! Mutoshe ma priz!» Hapa radi ikilia, kila nyumba inachomola waya yote ya umeme. Ku Sakania niliona radi inaunguza telefone yote ya gare. Nikachomola friji, nikachomola televizyo, nikachomola na karte. Nilikuwa mbio kupita bote.

Odile akaingia, nguo zote maji. Akaangalia karte.

— Baba, ulichomola?

— Niliiokoa!

— Ilikuwa inaandika mu memware ile fasi ya kuamukia. Imekatika katikati. Haitaamuka tena.

Chombo cha kuiamusha hapa hakiko, kinatokaka mbali. Na kamyo inaondoka leo, ya mwisho, matope itafunga njia. Mama wa nyumba ya pembeni akasema: «Papa, radi iliachilia karte, weye njo uliiua!» Lupango yote ikacheka. Odile hakucheke. Alinipikia bukari ya unga ya mahindi, akanimwangia maji ku mikono. Heri angenitukana.

Miye minasema: nilifanya vile muntu mwenye akili anafanyaka. Radi ikilia kesho, nitachomola tena. Lakini bukari niliibakisha mu sahani.

Basi utachota maji paka ku muto mupaka njia ikauke. Mugongo yako haiko ya bidon kubwa. Beba kadogo, urudie.

Unisalimie kaka yangu mukubwa, na katekista, na ule mama mwenye kuzalisha ku maternite. Naye alikuwa anangojea haya maji. Na dada yangu, shangazi ya Odile, ule mwenye kusemaka mbele ya kanisa asema binti mwenye kushinda na masini hatanywesha muntu maji: musalimie naye. Umwambie karte ya Odile ilikuwa muzuri. Ni miye, kaka yake, njo niliiua.

Bwana yako, mwenye kukuwaza,

Baba Odile